Kuonekana si kuruhusu kuchapishwa

Leo naziweka programu kando kidogo nijibu swali ambalo sisi watengenezaji wa tovuti huulizwa kila mara: "Jina langu, nambari ya simu na ya kitambulisho zimewekwa mtandaoni bila idhini yangu. Nifanye nini?"

Wengi wanaouliza huwa wamekwisha kata tamaa. Wameambiwa kwamba kitu kikishaingia kwenye intaneti hakitoki tena. Usemi huo una ukweli kiasi, kwani picha iliyokwisha samba kwenye simu za watu huwezi kuirudisha. Lakini ubaya wake ni kwamba humnyamazisha aliyekosewa na kumstarehesha aliyekosea. Maoni yangu ni kwamba habari nyingi zinaweza kuondolewa, ila watu huanzia mahali pasipofaa.

Mahali penyewe ni Google. Google haikuweka orodha ile mtandaoni. Inaonyesha tu njia ya kuifikia. Ukiiomba iondoe matokeo, ukurasa wenyewe bado upo, na yeyote mwenye anwani yake ataufungua kama kawaida. Umeng'oa kibao cha barabarani, nyumba ingali imesimama. Kibaya zaidi ni kulalamika hadharani huku umebandika kiungo. Hata wale waliokuwa hawajaiona sasa watakimbilia kuitazama!

Basi fuata utaratibu huu:

1. Ushahidi kwanza. Kabla hujamwandikia yeyote, piga picha ya skrini, nakili anwani kamili ya ukurasa, na uandike tarehe na saa. Wakifuta kabla hujafanya hivyo, utathibitisha vipi?

2. Mwandikie mwenye tovuti. Usipige simu, andika. Taja anwani ya ukurasa, habari unayotaka iondolewe, na kwamba hukutoa idhini. Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kudai habari zako zirekebishwe au zifutwe, na kanuni zake za 2021 zinataka ombi la kufuta lijibiwe kwa siku 14. Wakikwambia wamefuta, hakikisha. Mara nyingi kinachoondolewa ni kiungo tu, na faili ya PDF inabaki kwenye seva. Andika anwani uliyoinakili, ikifunguka, hawajafuta.

3. Sasa nenda Google. Wana fomu ya kuomba kuondolewa kwa matokeo yanayoonyesha nambari yako ya simu, anwani ya nyumbani, kitambulisho au akaunti ya benki. Wana nyingine ya kurasa ambazo zimekwisha futwa lakini bado zinaonekana kwenye matokeo.

4. Wakikupuuza, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Sheria inampa siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza.

Najua kuna watakaocheka hapo. Kamishna atamfanya nani nini? Mnamo Septemba 2023 afisi hiyo iliitoza Roma School faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Wakati huo huo, klabu ya Casa Vera Lounge ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja kwenye mitandao ya kijamii bila kumwomba ruhusa.

Kesi hiyo ya pili ndiyo inayonivutia. Mtu aliingia klabuni mwenyewe, akaonwa na kila aliyekuwepo. Wako wanaodai kwamba hapo hana siri tena. Mimi sikubali. Kuonwa na watu waliokuwa pale usiku ule ni jambo moja, kufanywa tangazo la biashara ni jambo jingine. Hata nambari yako ya simu wanayo watu wengi, lakini ulimpa kila mmoja kwa sababu yake.

Haki hii isigeuzwe pazia la wakubwa, bila shaka. Mwandishi wa habari anayefichua wizi wa mali ya umma hahitaji idhini ya mwizi, na sheria yenyewe imeacha nafasi kwa kazi ya uandishi wa habari.

Mwisho, neno kwa wenzangu tunaotengeneza tovuti. Mteja akikuletea orodha ya walioitwa kwenye usaili ili uipandishe, muulize: nambari nzima ya kitambulisho ni ya nini? Jina na tarakimu tatu za mwisho zinatosha mtu kujitambua. Na orodha hiyo itaondolewa lini? Maswali haya mawili hayachukui hata dakika moja, nayo yatamwepusha mtu na safari yote niliyoieleza hapo juu.

Haya, hadi wakati mwingine. Kama kuna ukurasa unaokukera, anza na ushahidi leo hii.