Blackbird kwa Nani, Habu kwa Nani?

Tuseme ukweli, jamani: sifa za ndege hii SR-71 zimetuchosha. Kila anayeshika kalamu kuiandika anaanza na mwendo na kumaliza na mwendo. Eti mara tatu ya kasi ya sauti. Eti hakuna kombora lililoiangusha. Eti tarehe 6 Machi 1990 ilitoka Los Angeles hadi Washington kwa dakika 64 tu, ikaingizwa makumbusho. Sawa, tumesikia, na sibishi hata moja. Ninachouliza ni hiki: ilikuwa inakimbilia wapi, na kufanya nini?

Ilikuwa inakwenda kupiga picha. Basi. Ni kamera iliyofungiwa injini mbili, ikapandishwa kilometa 25 na zaidi juu ya vichwa vya watu, na ndani yake wanaume wawili waliovaa kama wanaanga. Ukiiandika bila picha ilizopiga, umeandika habari za mpiga picha ukasifia viatu vyake.

Haya, tumchukue Brian Shul, maana wapenzi wa ndege hii wanamtaja kila saa. Ndege yake ilianguka wakati wa vita vya Vietnam, akaungua vibaya mno, akaambiwa hatarusha ndege tena. Akarudi akarusha SR-71. Tena akabeba kamera yake mwenyewe, akaipiga picha ndege ile ardhini na angani, machweo yakiwaka nyuma ya mbawa nyeusi. Kitabu chake, Sled Driver, kilitoka mwaka 1991. Yeye alifariki mwaka 2023. Mtu yule simdharau hata kidogo. Alijua kutazama, na katika waandishi wetu wengi hilo halipo.

Lakini angalia vizuri. Aprili 1986, baada ya bomu kulipuka katika disko la Berlin ya Magharibi, Marekani iliishambulia Libya usiku. Shul na mwenzake Walter Watson wakatumwa kupita juu wakapige picha za uharibifu. Shul amesimulia makombora yaliyorushwa kuwafuata na jinsi walivyoyakimbia. Kisa kinasisimua, sikatai, hata mimi nilikisoma bila kupumua. Ila mabomu ya usiku ule yaliangukia pia mtaa wa watu mjini Tripoli, karibu na ubalozi wa Ufaransa, na raia wakafa. Wao wako wapi katika kisa? Kutoka kule juu paa lililobomoka ni paa tu. Filamu ikasafishwa, ikapelekwa mezani kwa wakubwa, wakahesabu walichopiga na walichokosa. Aliyekuwa amelala chini ya paa hakuwamo katika hesabu ile.

Najua jibu litakalokuja: ndege ile haikubeba bomu hata moja. Kweli kabisa. Lakini anayechungulia dirishani na anayekuja kuvunja mlango, kama wametoka nyumba moja, tutawatenganishaje? Sisemi kila picha ya angani ni ya shari. Mwaka 1962 picha za ndege nyingine, U-2, zilionyesha makombora ya Warusi kule Cuba kabla hayajawa tayari, na wakubwa wakapata siku chache za kufikiri. Picha inaweza kuzuia vita kama inavyoweza kuiongoza. Ndiyo sababu nataka tuzungumzie picha, tuache kuzungumzia mwendo!

Halafu kuna suala la jina, ambalo mwandishi yeyote mwenye masikio angeanza nalo. Wenyewe waliiita Blackbird, yaani ndege mweusi, na blackbird wa kweli ni ndege anayeimba. Lakini mwaka 1968 ilipopelekwa Kadena, katika kisiwa cha Okinawa, ili iruke kwenda Vietnam, wenyeji walilitazama umbo lile refu jeusi wakaliita Habu. Habu ni nyoka wa kwao mwenye sumu. Wakati huo kisiwa kilikuwa bado chini ya utawala wa Marekani. Kilirudishwa Japani mwaka 1972. Watu wasioulizwa kama wanaitaka ndege ile nyumbani kwao wakaipa jina kwa neno moja. Unajua kilichotokea? Marubani wakalipenda, wakalishona kwenye nguo zao kama beji. Hata jina la chini likapandishwa juu likawa pambo.

Tukisema tunaikumbuka, basi tuikumbuke yote. Kwamba sehemu ya madini ya titani iliyoiunda ilinunuliwa kwa hila kutoka Urusi ya Kisovieti, nchi ambayo baadaye ndege ile ilikuwa ikiichungulia kutoka pembeni. (Hapo hata mtunzi wa vichekesho asingethubutu.) Kwamba ziliundwa 32, na 12 zikapotea katika ajali. Nani atatuandikia insha ya mama wa Okinawa aliyesikia nyoka yule akinguruma kila anapoanika nguo? Iandikeni, vijana, mhariri ataitafutia nafasi, hata kama itabidi shairi langu litolewe.

Ile ya dakika 64 iko Chantilly, Virginia, imetulia sakafuni. Wageni wakiingia wanaikuta chini yao, wanaegemea ukingo wa roshani, wanatoa kamera, wanaipiga picha kutoka juu.