Jina la Burtt katika Vichaka vya Itigi

Mwanafunzi wa biolojia huyakariri majina ya kisayansi ya mimea, huyaandika katika mtihani, kisha huyasahau. Kosa si lake. Hatujamweleza kuwa majina hayo yana maana, na kwamba mengine yana kisa.

Katika vichaka vizito vya Itigi, mkoani Singida, huota mmea uitwao Burttia prunoides, spishi pekee ya jenasi yake. Jina hilo lilitangazwa mwaka 1931. Neno la pili ni jepesi: maana yake ni "unaofanana na Prunus", yaani jenasi ya plamu. Neno la kwanza ni mtu. Bernard Dearman Burtt alikuwa mtaalamu wa mimea katika idara ya utafiti wa mbung'o ya Tanganyika. Msomaji atauliza, mbung'o na mimea wapi na wapi? Mdudu huyo, aenezaye malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe, hutegemea kivuli cha pori. Atakaye kumfukuza sharti kwanza alijue pori lenyewe. Mwezi Juni 1938 Burtt alifariki katika ajali ya ndege karibu na Singida, pamoja na mkuu wake, C. F. M. Swynnerton. Jina la Swynnerton nalo limebaki, tena kwa mbung'o mwenyewe: Glossina swynnertoni.

Heshima hiyo waliitolea jasho, wala sina ugomvi nayo. Lakini tazama jirani wa Burttia, Baphia massaiensis: jina lake lawataja Wamasai, ilhali Itigi ni nchi ya Wakimbu, Wagogo na Wanyaturu. Kanuni za kimataifa haziruhusu jina lililotangazwa kihalali liachwe kwa sababu tu halifai. Basi na libaki.

Yaliyo hatarini ni majina ya wenyeji, kwa kuwa vichaka vinafyekwa kwa ajili ya mashamba na mkaa, na wazee wanaoijua mimea hiyo wanapungua. Walimu wa Manyoni na Itigi wasingoje mtaala mpya. Wawatume wanafunzi wakate kitawi chenye ua na majani, wakikaushe kati ya magazeti, waandike mahali, tarehe, matumizi, jina la Kikimbu, Kigogo au Kinyaturu, na, kwa ridhaa yake, jina la mzee aliyelitaja. Kielelezo kimoja kipelekwe hebaria ya taifa iliyoko Arusha, kingine kibaki shuleni.