Moli ni Kama Korija: Nasaha kwa Wazazi wa Watahiniwa



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wetu (s.a.w.), juma hili nazungumza na akina mama ambao watoto wao wa kidato cha nne wanaukaribia mtihani wa KCSE. Mtihani huo ndio mlango wa chuo kikuu katika nchi yetu, na kemia ni ufunguo wa udaktari na ufamasia. Twalalamika kwamba wake zetu hawapati madaktari wa kike, ilhali mabinti zetu twawaacha waikimbie kemia, au wakariri majibu wasiyoyafahamu.

Elimu hii si geni kwetu. Neno lenyewe limepitia katika Kiarabu, al-kimiya. Na alkali ni al-qali, majivu ya mimea. Abu Bakr al-Razi, tabibu mashuhuri, aliandika kuhusu vyombo na kazi za maabara zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Aghalabu mwanafunzi hukwama kwenye moli, na akikwama hapo hesabu zote za kemia humponyoka. Mama, mweleze hivi: wauza boriti wetu huhesabu kwa korija, yaani miti 20. Korija ya boriti na korija ya fito hazilingani uzito, lakini idadi ni ile ile. Moli nayo ni korija ya wanakemia, ila idadi yake ni kubwa mno: 6.02 × 10²³. Moli moja ya maji ina uzito wa gramu 18. Ya chumvi ya jikoni, gramu 58.5. Uzito mbali, idadi moja.

Akishafahamu hayo, afanye zoezi. Gramu 4 za sodiamu haidroksaidi zimeyeyushwa zikawa lita moja ya myeyusho. Moli moja ya kitu hicho ni gramu 40, basi lita hiyo ina moli 0.1. Akichota sentimita za ujazo 25, amechota moli 0.0025. Ikiwa zimehitajika sentimita 20 za asidi ya haidrokloriki kuituliza, na moja hukutana na moja, basi asidi nayo ilikuwa na moli 0.0025 ndani ya lita 0.02, yaani moli 0.125 kwa kila lita. Hesabu ya namna hii huulizwa sana katika karatasi ya tatu, ile ya maabara, yenye alama 40.

Kesho abadilishe tarakimu, afanye tena bila kutazama daftari. Huko madrasa twajua kwamba mwenye kuhifadhi asipodurusu husahau, na asiyejua kanuni za tajwidi hukosea akifika aya asiyoizoea. Kemia ni vivyo hivyo. Nusu saa baada ya Alfajiri kila siku yashinda mkesha mmoja wa mwisho. Aandike kila hatua pamoja na kipimo chake, gramu au lita. Na kabla ya hesabu aulinganishe mlinganyo, kwani atomu zilizoingia ndizo zitokazo, hakuna inayopotea.

Nawe mama usiseme, "Mimi sikusoma." Keti naye, mwambie, "Nieleze, mwanangu." Akishindwa kukueleza kwa Kiswahili chepesi, hajafahamu bado, arudi kwa mwalimu wake.

Jambo la mwisho ni zito. Msimu huu hutokea watu wakiuza karatasi wanazodai zimeibwa. Mzazi asitoe hata senti. Huo ni udanganyifu, na aghalabu karatasi zenyewe ni za uongo. Hebu fikiri: binti aliyeiba alama za kemia, kesho atampimia dawa mtoto wa nani?

Tuwaombee watoto wetu kwa ile dua ya kuongezewa elimu iliyomo katika Suratu Twaha, kisha tuwawekee taa na meza. Dua na juhudi huenda pamoja.

Wabillahi tawfiq.