Nani Atarudi Kubadilisha Mkaa?

Najua nimepotea, majaribio yalinibana na kazi za vikundi ndiyo usiseme. Leo nina hoja moja, naomba niimwage hapa kabla haijanichachia kichwani.

Wiki iliyopita tulikuwa na semina ukumbini. Mada ilikuwa namna ya kugeuza tafiti za chuo kikuu ziwe biashara na ziisaidie jamii. Soda na sambusa zilikuwepo, kwa hiyo ukumbi ulijaa (msinilaumu, bumu lilikuwa limekata). Mtoa mada akasema kila utafiti unaolala kwenye rafu ni pesa iliyolala. Tukapiga makofi, tukaondoka.

Moto ukawaka tuliporudi chumbani. Mwenzangu mmoja anayesoma biashara akasema jamaa kaongea ukweli mtupu, chuo kiuze. Mshikaji wa sosholojia akaruka juu: utafiti umefanywa kwa kodi ya mwananchi, iweje mwananchi huyo huyo auziwe tena? Wakabishana mpaka saa saba usiku, mwisho wakanigeukia.

"Ticha, mbona kimya?"

Nilikuwa kimya kwa sababu nilikuwa naiwaza ndoo ya mama.

Nyumbani kwetu ni Arumeru, chini ya Mlima Meru. Mnaonijua mmeshaona ninavyocheka nimeziba mdomo kwa mkono. Si aibu za kijijini, ni meno. Maji yetu yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa sababu kwingine pa kuchota hapakuwepo. Mtoto akinywa maji ya namna hiyo wakati meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya ufizi, yanatoka na madoa ya kahawia, na mswaki hauyaondoi hata usugue mpaka damu. Floraidi ikiwa nyingi zaidi na kwa miaka mingi inaingia kwenye mifupa, ndiyo maana kule utakuta watu wenye miguu iliyopinda. Na kuchemsha hakusaidii! Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki palepale.

Sasa, dawa yake inajulikana zamani. Unachoma mifupa ya ng'ombe kwenye tanuru lenye hewa kidogo, unapata mkaa wa mifupa, unausaga chengachenga, unaujaza kwenye ndoo, unapitisha maji. Mkaa unaikamata floraidi. Pale Ngurdoto, hukohuko Arumeru, kuna kituo cha serikali kilichofanya kazi hii ya utafiti kwa miaka mingi. Kwa hiyo asije mtu akaniambia wataalamu wetu hawajui. Wanajua sana.

Mimi nilipokuwa shule ya msingi, mradi mmoja (siutaji) ulituletea ndoo ya aina hiyo. Mama alifurahi! Mdogo wangu wa mwisho alikuwa bado ananyonya, na tukampangia kabisa kwamba huyu sasa atakuwa na meno meupe, atacheka kwa niaba yetu sote. Mwaka wa kwanza wale watu walikuja, wakapima maji, wakabadilisha mkaa. Mwaka wa pili mradi ukaisha. Hakuna aliyeaga.

Mama akaendelea kuitumia ndoo. Kwa nini asiitumie? Maji yalikuwa yanatoka vizuri, safi, yanang'aa. Na hapo ndipo penye mtego, wadau, naomba mnisome vizuri. Floraidi haina rangi, haina harufu, na kwa kiasi kile haina hata ladha. Mkaa ukishashiba haukwambii. Maji yanaendelea kuchuruzika kama jana, ila floraidi inapita moja kwa moja. Ndoo haikuvunjika. Ilikufa huku inafanya kazi.

Mdogo wangu alipofika darasa la kwanza, meno mapya yakatoka. Kahawia. Mama alimfungua mdomo pale mlangoni kwenye mwanga, akatazama, halafu akaenda kukaa jikoni peke yake. Ile ndoo hakuitupa, siku hizi anawekea pumba za kuku.

Hiyo ndiyo sababu sikuweza kushika upande wowote usiku ule. Wote wawili walikuwa wanabishania bei. Kilichotuumiza sisi hakikuwa bei, tulipewa bure.

Nikawatolea mfano wa Dk. Askwar Hilonga. Huyu ni mtoto wa Karatu, kijiji cha Gongali, akasomea uhandisi wa kemikali mpaka shahada ya uzamivu Korea Kusini, kisha akarudi kufundisha Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha. Alitengeneza chujio linalounganisha mchanga na chembechembe ndogo mno za nano, na linaweza kupangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, floraidi ikiwemo. Mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza kabisa wa Tuzo ya Afrika ya Taasisi ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza, akapewa pauni 25,000. Magazeti yaliandika sana juu ya nano na tuzo. Mimi kilichonivutia ni kingine. Wapo watu wengi wasiomudu kununua chujio zima, ndipo vikawekwa vituo vya maji: mjasiriamali anakuwa na chujio, majirani wananunua maji yaliyochujwa. Hapo kuna mtu ambaye ugali wake wa kesho unategemea chujio hilo liendelee kufanya kazi. Angekuwepo mtu kama huyo kijijini kwetu, ndoo ya mama isingekufa kimyakimya.

Mwenzangu wa biashara akaanza kutabasamu. Nikamwambia subiri, usishangilie kwanza. Mteja haoni floraidi, sivyo? Basi muuzaji mwenye tamaa anaweza kuuza maji yaleyale ya bomba mwaka mzima na asijulikane. Biashara inampa mtu sababu ya kurudi kesho, lakini haimpi sababu ya kuwa mkweli. Lazima awepo mtu mwingine wa kupima maji, asiyelipwa na muuzaji. Hiyo ni kazi ya serikali, hakuna njia ya mkato.

Na mshikaji wa sosholojia naye alikuwa na mfano wake wa kitu kisichouzwa, mfano mzuri tu: panya buku wa APOPO. Wazo lilianzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens kwao Ubelgiji mwaka 1997, na mwaka 2000 kazi ikahamia Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Panya wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini. Wamefanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa haina tena mabomu yanayojulikana. Tangu 2007 wananusa pia makohozi ya watu wanaohofiwa kuwa na kifua kikuu hapa Tanzania. Panya mmoja anapitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, kazi ambayo mtu mwenye hadubini angeifanya kwa siku kadhaa. Mgonjwa hauziwi chochote, fedha zinatoka kwa wafadhili.

Lakini angalieni kinachofanyika pale kila siku. Kuna anayebeba sampuli kutoka zahanati. Kuna anayewalisha panya. Kuna anayerudia kupima maabara kila sampuli ambayo panya ameikwangua. Kuna anayemtafuta mgonjwa mtaani ambaye aliambiwa hana ugonjwa, kumbe anao. Bila hao, panya angekuwa na pua kali na kifua kikuu kingeendelea kama kawaida.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. "Tuuze au tugawe?" ni swali la pili. La kwanza ni nani atalipwa kurudi, na mpaka lini. Kama mteja anaweza kulipa, alipe. Kama hawezi, basi halmashauri au shule inunue huduma hiyo kwa niaba yake, na mkataba uwe wa kubadilisha mkaa kila unapofika wakati, siyo wa kukabidhi ndoo na kupiga picha. Na chuo kinapompandisha mhadhiri cheo kwa makala alizochapisha, kimuulize pia kile alichopeleka kijijini kiko wapi baada ya miaka mitatu. Tuone wangapi watanyoosha mkono.

Na sisi wa ualimu tusijifanye haituhusu, eti utafiti ni wa wahandisi. Mhandisi atakaa kijijini wiki mbili, mwalimu anakaa miaka kumi. Kwenye TP mwaka jana nilifundisha shule moja yenye chujio limesimama nyuma ya ofisi. Nikauliza mkaa ulibadilishwa lini. Walimu wakatazamana. Hakuna aliyekuwa mzembe, ila hakuna aliyewahi kuambiwa kwamba unabadilishwa. Darasani kulikuwa na binti wa kidato cha pili, akijibu swali anaweka daftari mdomoni. Nilijua kwa nini. Sikumwambia alitoe.

Mwezi ujao natakiwa kupeleka kichwa cha utafiti wangu wa mwaka wa mwisho. Msimamizi amenishauri nichukue mada nyepesi ambayo data zake ziko hapahapa mjini, na namwelewa, ananionea huruma kwa nauli. Lakini nimeshaamua. Nitazunguka shule za kwetu kuuliza maswali matatu tu: chujio lilikuja lini, mkaa ulibadilishwa lini, na ni nani anayehusika. Bumu likitoka nusu ni la mabasi, mkiniona nakula mihogo mitupu msishangae, kwi kwi kwi!

Wale jamaa wawili chumbani bado hawajakubaliana. Ila jana yule wa biashara aliniuliza kilo ya mkaa wa mifupa inauzwaje. Nikamwambia nikitoka Arumeru nitamletea jibu.

Naomba kutoa hoja.