Mali Bila Daftari: Sauti za Pwani Katika Ghala la Redio

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Kwa kawaida methali hii hutajwa dukani, au pale mume na mke wanapopanga matumizi ya mwezi. Juma hili twaipeleka mahali ambapo haijazoeleka, nako ni katika ghala la sauti la kituo cha redio. Tutaitazama pwani ya Kismayu na Visiwa vya Bajuni, kusini mwa Somalia, kwa sababu huko sauti ya mzee mmoja yaweza kuwa ndiyo kitabu pekee kilichobaki.

Visiwa hivyo vimejipanga sambamba na pwani, kutoka Kismayu kuelekea mpaka wa Kenya. Miongoni mwao ni Koyama, Ngumi, Chovai na Chula. Wenyeji wake, Wabajuni, ambao pia huitwa Watikuu, ni wavuvi, mabaharia na wakulima. Lugha yao, Kibajuni, ni mojawapo ya lahaja za Kiswahili za upande wa kaskazini. Wana nyimbo za kimai zihusuzo bahari, na nyimbo za vave ambazo ni za wakulima. Sehemu kubwa ya elimu hiyo haikuandikwa, bali imekaa vinywani mwa watu. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbilia Kenya, hasa Mombasa. Baadhi yao walirejea visiwani baadaye, na wengine wakaenda hadi Ulaya. Watu walipotawanyika, kumbukumbu zao nazo zilitawanyika.

Mtu atauliza: je, redio zaweza kuokoa kitu? Historia ya Somalia yenyewe yajibu kwamba zaweza. Redio Hargeisa ilianza kutangaza mwaka 1943. Mwaka 1988, ndege za serikali ya Siad Barre zilipoupiga mji huo kwa mabomu, kanda za nyimbo zilitolewa zikafichwa. Nyingine zilifukiwa ardhini na nyingine zikavushwa hadi nchi za jirani. Redio Mogadishu, iliyoanza mwaka 1951, ilipita katika vita vya mwaka 1991 na miaka iliyofuata, na bado maelfu ya kanda zake yalisalimika. Baadaye kazi ya kuzihamishia kanda hizo katika kompyuta ilianza. Mwaka 2017 baadhi ya nyimbo za Kisomali zilizookolewa katika kanda za zamani zilitolewa katika albamu, na albamu hiyo ikapendekezwa kwa tuzo ya Grammy. Basi sauti iliyozikwa ardhini ilifufuka, ikasikika duniani kote.

Hata hivyo, kuokoa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua umeokoa nini. Wasomaji wetu walio jeshini wanafahamu kwamba bunduki haiingizwi ghalani kama kuni. Kila moja ina namba yake, na namba hiyo imo daftarini. Wasomaji wetu walio polisi wanajua kwamba kielelezo kisicho na lebo hakimsaidii hakimu, hata kiwe ndicho kisu chenyewe kilichotenda kosa. Sauti nazo ni hivyo hivyo. Kanda isiyo na jina la msemaji, mahali wala tarehe haina tofauti kubwa na kanda iliyoungua. Ipo, lakini hakuna awezaye kuiita nayo ikaitika.

Zamani upungufu huo ulifidiwa na mtu. Katika kila kituo alikuwapo mtunza maktaba aliyejua kwa kichwa kwamba wimbo fulani umo rafu ya tatu, katika boksi lililochanika pembe. Alipostaafu au kufariki, maktaba ilifariki pamoja naye. Siku hizi vituo vingi huendeshwa kwa programu za kompyuta zinazopanga na kurusha vipindi zenyewe, usiku na mchana. Kompyuta ina nguvu nyingi, lakini haina sikio. Haiujui wimbo, inasoma lebo tu. Ukiandika kwamba wimbo wa maombolezo ni wa harusi, itaupiga baada ya salamu za bwana na bibi harusi bila haya. Ukiacha ngoma ya shangwe bila kundi lake, huenda ikafuatia mara baada ya tangazo la msiba, na familia iliyofiwa ikaumia ikidhani imedhihakiwa.

Tuchukue mfano wa programu moja iitwayo Rivendell. Ni programu huria, hutolewa bila malipo, na hufanya kazi katika mfumo wa Linux. Kwa hiyo hata kituo kidogo cha pwani chaweza kuitumia. Ndani yake kila wimbo, tangazo au hotuba huwekwa katika kasha lenye namba ya tarakimu sita. Mpango huo umerithiwa kutoka kaseti fupi za kitanzi zilizotumika studioni zamani, moja kwa kila tangazo. Ndani ya kasha moja mwaweza kuwa na vipande kadhaa. Kwa mfano, tangazo moja lililosomwa kwa Kiswahili sanifu, kwa Kibajuni na kwa Kisomali. Makasha hugawanywa katika makundi, na kila kundi hupewa safu yake ya namba. Nyimbo zikianzia 100001 na matangazo yakianzia 300001, fundi wa zamu ajua aina ya kitu kwa kutazama namba tu, kama vile askari ajuavyo kikosi kwa kutazama beji.

Kila kipande chaweza kupewa tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Jambo hili laonekana dogo, kumbe ni la usalama. Tuseme bandari imefungwa kwa siku tatu, au watu wameamriwa wasitoke usiku kwa juma moja. Tangazo likiwekwa bila tarehe ya kwisha, kompyuta yaweza kulirudia mwezi ujao kwa sauti ile ile ya mamlaka. Wavuvi watabaki nchi kavu bila sababu, na wazazi watawafungia watoto ndani kwa hofu ya jambo lililokwisha kupita. Tangazo la zamani linalosikika kama jipya ni uvumi, ijapokuwa limesomwa na mtangazaji halali.

Sasa tufike kwenye tatizo linaloipata pwani hii kuliko pwani nyingi, yaani tahajia. Hadi mwaka 1925 eneo la Kismayu lilikuwa chini ya Waingereza, ambao mwaka huo waliwakabidhi Waitaliano. Waingereza waliandika Kismayu, Waitaliano wakaandika Chisimaio. Mwaka 1972 Kisomali kilipopewa rasmi herufi za Kilatini, jina likaandikwa Kismaayo. Na katika habari za kimataifa twaona Kismayo. Kadhalika kisiwa cha Chula kimo katika maandishi mengine kama Tula, na katika tahajia ya Kiitaliano kama Ciula. Mwanadamu hutambua kwamba ni mahali pamoja. Kompyuta haitambui. Makarani wanne wakiandika majina manne, atakayetafuta moja ataletewa robo ya mali, naye ataondoka akiamini kwamba hakuna zaidi.

Dawa yake ni orodha moja ya majina iliyokubaliwa, ibandikwe ukutani mbele ya kila mwingizaji. Kituo kichague tahajia moja, na tahajia nyingine zote ziwekwe katika sehemu ya maelezo ili yeyote atafutaye afikishwe pale pale. Vivyo hivyo kwa majina ya watu. Mtu mmoja asiwe Mohamed katika kasha hili, Muhammad katika lile, na Mohamedi katika la tatu.

Tukisema lugha, nayo iandikwe kwa usahihi. Pengine karani atasikia utenzi wa kisiwani, akaandika "Kiswahili," akaridhika. Hajasema uongo, lakini ameficha jambo kubwa. Katika miongo ya karibuni baadhi ya nchi za Ulaya, Uingereza ikiwamo, zimekuwa zikirekodi sauti za waomba hifadhi wanaojitambulisha kuwa Wabajuni wa Somalia. Wachunguzi wa lugha huzisikiliza ili waseme kama usemi huo ni wa visiwani Somalia au ni wa Kenya. Hukumu ya mtu, abaki au arudishwe, imewahi kuegemea katika ushahidi wa namna hiyo. Lakini usemi hupimwa kwa kulinganishwa na usemi mwingine, na kulinganisha hakuwezekani bila mifano ijulikanayo imetoka wapi, lini, na kinywani mwa nani. Kanda iliyoandikwa "bibi wa Chovai, mzaliwa wa kisiwani" yaweza kumfaa mjukuu ambaye bibi huyo hakuwahi kumwona. Kanda ile ile ikiandikwa "Kiswahili, mwanamke" haimfai mtu.

Basi ni mambo gani yaandikwe kwa kila sauti? Tunashauri haya: namba ya kasha, jina la msemaji au mwimbaji na mahali alipozaliwa, mahali na tarehe ya kurekodiwa, lugha na lahaja, aina ya kitu, kama ni vave, kimai, hadithi, mawaidha au habari, sentensi mbili za muhtasari, jina la aliyerekodi, na mwisho, ruhusa. Jambo lisilojulikana liachwe wazi, kamwe lisibuniwe. Tarehe ya kukisia iandikwe kwamba ni ya kukisia. Daftari la uongo ni baya kuliko kutokuwa na daftari.

Neno ruhusa lataka maelezo. Zipo nyimbo ambazo wanawake huimba wao kwa wao katika shughuli za harusi, na hazikukusudiwa masikio ya mji mzima. Yapo pia mazungumzo ya wazee yanayotaja ugomvi wa nasaba au wa mashamba. Kurekodi si kupewa haki ya kutangaza. Kila kasha lioneshe kama lafaa kurushwa, kama ni la kuhifadhiwa tu, au kama mwenyewe ameomba lisubiri. Heshima ya nyumba ni sehemu ya utunzaji.

Kuhusu kuhifadhi kwenyewe, pwani ni adui wa vyombo. Joto, unyevu na chumvi huifanya kanda inate na kupoteza sauti, hivyo isingojwe. Ikihamishwa, nakala ya asili iwekwe katika faili lisilobanwa la aina ya WAV. Saa moja ya sauti bora ya njia mbili huchukua takriban gigabaiti 1, wakati faili lililobanwa la MP3, kwa kiwango cha kilobiti 128, huchukua kama megabaiti 58. Lililobanwa latosha kurushwa hewani, lakini kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi. Ziwepo nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mji mwingine kabisa. Watu wa Hargeisa walilijua hilo kabla ya kompyuta: hawakuficha kila kitu katika shimo moja. Na daftari nalo linakiliwe pamoja na sauti. Mafaili elfu kumi yenye namba tupu ni fumbo lisilo na mfumbuzi.

Ndugu msomaji, usidhani mambo haya ni ya mafundi wa redio peke yao. Katika nyumba nyingi za askari, baba au mama yuko lindoni mbali, na sauti zake zimo ndani ya simu: salamu za Idi, nasaha kwa mtoto anayefanya mtihani, dua ya usiku. Mafaili hayo yana majina ya tarakimu ambayo hakuna ayasomaye. Simu ikiharibika au ikiibiwa, yote yamekwenda. Jioni moja ya juma hili chagueni sauti tano mnazozithamini. Zipeni majina yenye mtu, mahali na tarehe, kisha ziwekeni pia mahali pengine nje ya simu hiyo.

Na mnapomrekodi mzee, fanyeni kama afanyavyo askari anapoita kwa redio ya upepo: ajitambulishe kwanza. Kabla ya hadithi kuanza, mmoja aseme wazi, "Huyu ni bibi fulani, binti wa fulani, mzaliwa wa mahali fulani; leo ni tarehe fulani, tuko mahali fulani, naye ameridhia." Maneno hayo huchukua nusu dakika. Lebo yaweza kubanduka, jina la faili laweza kufutika, kompyuta yaweza kubadilishwa, lakini sauti iliyojitaja itabaki na daftari lake ndani yake yenyewe. Mtoto atakayeifungua miaka hamsini ijayo hatalazimika kuuliza ni nani huyu anayesema.