Mtoto Anayechechemea Atolewe Uwanjani

Kila mwaka michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA inapokaribia, shule zetu huchangamka. Walimu wa michezo hawaondoki uwanjani mpaka magharibi, wazazi huchangishana nauli na jezi, na watoto ambao darasani hawasikiki huanza kuitwa kwa majina mtaani. Hayo ni mema, wala sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni juu ya yale tunayoyatenda mtoto anapoumia.

Mambo huenda hivi. Kijana wa miaka 13 anaanguka, anashika goti, anajikunja. Mwalimu anaingia mbio na kikopo cha dawa ya kuchua. Anachua, anauvuta mguu, anauzungusha, huku pembeni watu wanapiga kelele kwamba muda unakwisha. "Unaweza?" anauliza. Mtoto anawatazama wenzake, anatazama benchi ambako mchezaji wa akiba ameshaanza kuvua fulana, kisha anajibu: "Naweza, mwalimu." Anarudi akichechemea, na uwanja mzima unampigia makofi.

Wazazi wenzangu, tangu lini mtoto wa miaka 13 akaachiwa neno la mwisho juu ya goti lake? Hatumwachii aamue saa ya kulala, wala kama ameze dawa ya malaria au asimeze. Anajua fika kwamba akitoka leo namba yake imekwenda, na jina la legelege litamfuata mpaka bwenini. Atasema anaweza hata kama mfupa umepasuka. Tunapomuuliza swali lile mbele ya umati tunamtwisha mzigo ambao ni wetu sisi wakubwa, tena tunajua atakavyojibu.

Wapo watakaonijibu: samaki mkunje angali mbichi. Sisi tulicheza pekupeku kwenye changarawe, tukategukateguka, tukapona, na leo tunatembea. Kweli, lakini wanaosimulia ni waliopona. Wale ambao mpira wao uliishia kwenye chandimu ya utotoni hakuna anayewauliza.

Tena mwili wa mtoto una mambo yake. Karibu na ncha za mifupa mirefu lipo tabaka la gegedu, na hapo ndipo mfupa unapokulia. Ni kama zege lililomwagwa jana: lina umbo, halijashika. Mara nyingi tabaka hilo ni dhaifu kuliko kano zinazofunga kiungo, kwa hiyo pigo ambalo lingemtegua mtu mzima, kwa mtoto linaweza kuvunja hapo. Lisipotibiwa ipasavyo, mfupa unaweza kusimama kukua au kukua kombo, mguu mmoja ukabaki mfupi. Mtoto aliyeumia karibu na kiungo na akashindwa kukanyaga apelekwe hospitali akapigwe picha. Huko kuvutwavutwa na kila mwenye mikono yenye nguvu kukome.

Yapo pia maumivu yanayokuja bila ajali. Mtoto aliye kati ya miaka 10 na 15, anayerefuka upesi na kukimbia kila siku, huanza kulalamika goti. Mguse chini kidogo ya pia ya goti utakuta kinundu kigumu, kibonyeze, ataruka. Jirani atasema amekanyaga kitu cha watu, kocha atasema anakwepa mazoezi. Ukweli ni kwamba ugonjwa huo ulielezwa tangu mwaka 1903 na madaktari wawili, Robert Osgood wa Boston na Carl Schlatter wa Zürich, kila mmoja kivyake. Misuli ya paja inavuta ukano wake mahali uliposhika kwenye mfupa wa mguu, na mahali hapo bado hapajakomaa. Kwa watoto wengi huisha ukuaji ukikamilika, mradi mbio na kuruka vipunguzwe na misuli ya paja inyooshwe na kuimarishwa taratibu. Mtoto wa namna hii hahitaji mganga wala fimbo. Anahitaji mwalimu atakayekubali kumkosa kwa majuma kadhaa.

Sasa tuje nyumbani, maana lawama zote si za walimu. Kifundo kimevimba leo, na jioni hiyo hiyo tunakibandika maji ya moto yenye chumvi na kukichua mpaka mtoto analia, tukiamini kilio ndicho dalili ya dawa kufanya kazi. Joto na kuchua siku ya kwanza huzidisha uvimbe. Siku mbili tatu za mwanzo mguu upumzike, uinuliwe juu ya mto, ufungwe bandeji isiyobana, uwekewe barafu iliyoviringwa kitambaa kwa robo saa hivi. Barafu si anasa ya mjini tena. Wauza barafu za ubuyu wapo kila mtaa. Na mliompeleka mtoto kwa mwunga mifupa, angalieni vidole. Vikiwa baridi, vimekufa ganzi au vimebadilika rangi, vile vijiti vifunguliwe saa ile ile na mtoto akimbizwe hospitali, kwa sababu wapo waliokatwa kiungo kwa kufungwa kupita kiasi na si kwa kuvunjika. Diklofenaki kabla ya mechi ndiyo balaa jingine: maumivu yananyamaza, jeraha linaendelea kuchimba.

Wapenzi wa kandanda mtamkumbuka Ronaldo wa Brazil. Novemba 1999, akiwa na Inter Milan, aliumia ukano wa goti. Aprili 2000 akarudishwa uwanjani dhidi ya Lazio mjini Roma, na baada ya dakika chache tu goti likamwachia, akaanguka akilia. Alikuwa na miaka 23, na matibabu aliyopata yalikuwa ya kiwango ambacho watoto wetu hawakioti. Watu hupenda kusimulia mabao yake 8 ya Kombe la Dunia la 2002. Mimi napenda wasimulie miezi mingi aliyokaa nje katikati ya hapo, kwani ndiyo iliyoyaleta mabao hayo. Utafiti wa Norway na Marekani uliochapishwa mwaka 2016, juu ya wachezaji waliopasuliwa kano ya ndani ya goti, ulionyesha kwamba kila mwezi wa kusubiri, mpaka ule wa 9, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Wasichana wasisahaulike hapa: kano hiyo huwakatika wao zaidi kuliko wavulana wa michezo ile ile.

Kuhusu kichwa sina maneno mengi. Aliyegongwa akapepesuka, akasahau matokeo au akatapika, atoke na asirudi siku hiyo. Mwaka 2011 huko Ireland ya Kaskazini kijana wa miaka 14 aligongwa zaidi ya mara moja katika mechi moja ya raga ya shule, akaendelea kucheza, akafariki.

Msiseme hatuna fedha. Mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA yaitwayo 11+ huchukua dakika 20: kukimbia taratibu, kuchuchumaa, kusimama mguu mmoja, kuruka na kutua bila magoti kuingia ndani. Yalipojaribiwa Norway kwa wasichana karibu 1,900 wa miaka 13 hadi 17, na matokeo kuchapishwa mwaka 2008, majeruhi walipungua kwa takriban theluthi moja. Chombo chake ni mpira na mwalimu aliyewahi kufika.

Ninachokidai kwa wakuu wa shule ni hiki. Kila timu iendayo mashindanoni iwe na mtu mzima mmoja asiye kocha, matroni au mwalimu wa afya, mwenye mamlaka ya kumtoa mtoto na kumzuia asirudi. Kabla ya kumruhusu mwenye goti au kifundo, amtazame akitembea, akichuchumaa mpaka chini, akiruka kwa mguu ulioumia mara kumi kama arukavyo kwa mguu mzima, akikimbia na kugeuka ghafla. Akikunja uso popote hapo, akae benchi, hata kama ni fainali na mkuu wa wilaya ameshaketi jukwaani.