Kombe la Makalasi Liishe, Ligi Ianze



Kila mwaka sisi wakubwa wa wanafunzi tunaombwa kupanga kombe la mupira la makalasi. Tumelipanga. Sasa, mbele ya kuwaachia wadogo wetu kazi hii, tunataka kusema wazi: kombe hili, namna lilivyo, linanyima wengi mchezo. Tunaomba liishe, na fasi yake iingie ligi.

Tuhesabu kidogo. Kalasi moja iko na watu 40 ao 50. Uwanjani wanaingia 11. Wengine wote wanasimama kandokando na kupiga makelele. Msichana hata mmoja hayuko ndani. Wadogo wa kalasi ya saba wanapewa kucheza na wakubwa wenye ndevu, wanafungwa siku ya kwanza, basi, imekwisha mpaka mwaka ujao. Ndiyo sheria ya kombe: ukifungwa mara moja, unarudi kwenu. Juma la kwanza likipita, nusu ya masomo haiko tena na kazi. "Sie tulisha kufungwa, tutafanya nini tena?" Mutu asiye na kazi pembeni ya uwanja anatafuta kazi ingine, na sisi wote tunajua matusi ya mwaka huu yalianzia wapi.

Ligi haiko hivyo. Mutu wa Lubumbashi hahitaji kufundishwa tofauti. Mazembe na Lupopo, zote mbili zilizaliwa mwaka 1939. Zikikutana katika shampiona ya Linafoot, anayefungwa analia siku mbili, lakini mechi inayofuata anavaa tena na kucheza. Kushinda ni pointi 3, sare ni pointi 1, na mwisho wa msimu zinahesabiwa zote. Ligi inapenda mutu anayeendelea. Kombe linapenda mutu mwenye bahati ya siku moja.

Lakini hata ligi ya mupira ni ya watu 11. Kuko ligi ingine inayotupendeza zaidi, nayo ni ile ya klabu za triatlo.

Triatlo ni michezo mitatu inayofuatana bila kupumzika: kuogelea, kupanda kinga, kukimbia. Ilianza San Diego, Marekani, mwaka 1974, na ikaingia katika Michezo ya Olimpiki huko Sydney mwaka 2000. Kipimo cha Olimpiki ni kuogelea kilometa 1,5, kinga kilometa 40, mbio kilometa 10. Saa haisimami hata wakati unabadilisha viatu. Wengine wanafikiri ni mchezo wa wazungu tu, lakini mwaka 2016, huko Rio, Henri Schoeman wa Afrika ya Kusini alipata medali ya shaba.

Ukitazama, utasema kila mutu anajikimbilia mwenyewe. Ndiyo na hapana. Katika ligi za klabu za mkoa, kila mutu anakimbia akivaa rangi ya klabu yake, na fasi aliyofika inageuka kuwa pointi za klabu. Kila mkoa unaandika kanuni zake, lakini msingi unafanana. Kwanza, klabu haihesabiwi kwa mutu mmoja. Zinajumlishwa pointi za watu kadhaa, wanaume na wanawake. Pili, mara nyingi mutu anapimwa na wenzake wa umri wake, kijana na vijana, mzee na wazee. Tatu, mashindano yanafanyika mara nyingi katika msimu, na pengine yanahesabiwa yale mazuri tu, ili aliyegonjwa siku moja asipoteze mwaka mzima.

Tutoe mfano wa hesabu. Kalasi A iko na mkimbiaji mkali sana: amefika wa 1. Wenzake watatu wamefika wa 20, wa 25 na wa 30. Jumla 76. Kalasi B haina mutu mkali, lakini wanne wake wamefika wa 6, wa 8, wa 11 na wa 14. Jumla 39. Mwenye jumla ndogo ndiye anashinda. Kalasi B inachukua kombe, na yule wa kwanza anapigiwa makofi yake peke yake.

Hii haiko hadisi. Ilitokea karibu na kwetu, Mombasa, tarehe 24 Machi 2007, katika mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Kila inchi ilileta wanaume kadhaa, na fasi za wale wa kwanza wake ndizo zilijumlishwa. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa bingwa wa mbio ndefu tangu 2002, joto lilimshinda akaacha njiani. Aliyefika wa kwanza ni Zersenay Tadese wa Eritrea. Lakini ushindi wa ekipe ulikwenda kwa Kenya, ambayo haikutoa mutu wa kwanza! Ilitoa watu wengi karibu na mbele. Na kwa namna hiyo wanaume wa Kenya walikuwa wameshinda ekipe kila mwaka tangu 1986 mpaka 2003. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tunasikia mtakavyojibu: "Wakubwa wetu wanaota. Piscine iko wapi? Makinga yako wapi?" Maulizo haya ni ya haki, na tunayajibu.

Piscine hatuna, na hatutaki mutu aingie katika maji ya lac ya mji ao ya mto. Lakini kuko ndugu wa triatlo anayeitwa duatlo: unakimbia, unapanda kinga, unakimbia tena. Shirika la dunia la triatlo linautambua mchezo huu na kuupangia mashindano yake. Hakuna maji ndani.

Juu ya makinga, tazameni mbio za kupokezana za mchanganyiko, zilizoingia katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021. Ekipe moja ni wasichana wawili na wavulana wawili. Mmoja anamaliza michezo yote, anamgusa mwenzake, huyo naye anaanza. Maana yake, kwa kila ekipe ni mutu mmoja tu yuko juu ya kinga kwa wakati mmoja. Basi kwetu kinga moja inatosha watu wanne! Haihitaji kuwa kinga ya bei kali. Baba zetu wanaoleta makala mjini wanasukuma mifuko mirefu kuliko wao wenyewe juu ya kinga ya kawaida, na wanafika. Kalasi nzima haiwezi kuazima kinga moja kwa siku moja?

Sasa haya ndiyo tunayoomba kwa Bwana Prefe na kwa mwalimu wa michezo:

Mashindano yawe mara nne kwa mwaka: Oktoba, Februari, Aprili na Mei. Kwa kila kalasi yahesabiwe matatu yaliyo mazuri.

Kila mara kuwe na mbio ya wote. Wadogo wakimbie na wadogo, wakubwa na wakubwa. Kwa kila kalasi wahesabiwe wavulana 6 na wasichana 6 wa kwanza. Kisha kuwe na duatlo ya kupokezana, wasichana wawili na wavulana wawili.

Njia ipite ndani ya kiwanja cha masomo, si kwenye barabara ya malori. Na tushike kanuni moja ya triatlo bila kuipunguza: kofia ya kichwa inafungwa mbele ya kugusa kinga. Kofia nne ao tano tunaweza kuzichangia.

Kila mara kalasi moja isikimbie, ifanye kazi ya kuandika saa, kugawa maji na kusimama kwenye kona. Ipewe pointi sawa na wastani wa siku zake zingine. Kutumikia wenzako kusiwe hasara.

Rafiki zetu wa mupira, msikasirike. Hatusemi mupira ufe. Lubumbashi bila mupira haiko Lubumbashi. Chezeni kila Jumamosi kama kawaida. Tunachokataa ni kombe moja la watu 11 kuitwa kombe la kalasi nzima, wakati watu 29 na zaidi wa kalasi ile hawakugusa kitu.

Tena masomo yetu ni ya Kanisa. Kila asubuhi kwenye ibada tunasikia juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi, kama Mtume Paulo alivyowafundisha Wakorintho. Tukitoka ibadani tunakwenda uwanjani na kuhesabu mguu mmoja tu, ule unaopiga penalti. Yule msichana wa nyuma ya kalasi, anayetoka Kenya ao Katuba kwa miguu kila siku bila kuchelewa, iko na mapafu kuliko wengi wetu. Kombe halikumwona. Ligi itamwona, na siku moja fasi yake ya 14 ndiyo itashindisha kalasi yenu.

Wakuu wa makalasi watakutana mbele ya mwisho wa mwezi. Kila kalasi iongee kwanza, na wasichana wasikilizwe. Mwenye kanuni nzuri kupita zetu azilete kwa maandiko. Sisi tutakwenda zetu kisha egzameni ya Serikali, hatutakimbia hata mara moja katika ligi hii. Ni yenu. Muianze Oktoba.